Tinitasi

Tinitasi (kutoka kitenzi cha Kilatini tinnire, yaani "kulia kama kengele") ni hali ya mtu kusikia mlio, mvumo au mluzi masikioni au kichwani ilhali hakuna sauti inayotoka nje. Si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili. Inakadiriwa kumpata mtu mzima 1 kati ya 10 hivi. Wengi huizoea, lakini wachache hukosa usingizi na utulivu, hata kupatwa na sonona.

Sababu

Mara nyingi tinitasi huendana na kuharibika kwa seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, kutokana na uzee au kelele kubwa. Kwa binadamu seli hizo hazioti upya. Sababu nyingine ni nta iliyoziba sikio, maambukizi, ugonjwa wa Ménière na baadhi ya dawa. Mlio unaoletwa na kwinini au aspirini nyingi kwa kawaida huisha dawa ikiachwa, lakini madhara ya jentamisini na sisiplatini yanaweza kudumu.

Watafiti wengi hudhani kwamba ubongo, ukipokea ishara pungufu kutoka sikioni, huongeza utendaji wake wenyewe, na huo ndio husikika kama mlio. Ndiyo maana mlio unaweza kubaki hata baada ya neva ya kusikia kukatwa.

Tiba

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya tinitasi. Mwaka 1935 Robert Bárány alieleza kwamba dawa ya ganzi ikidungwa mshipani hutuliza mlio, lakini nafuu hiyo ni ya muda mfupi. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 haupendekezi ginkgo, melatonini wala zinki.

Tiba ya utambuzi na tabia haiondoi mlio, ila hupunguza usumbufu wake. Wenye upungufu wa kusikia husaidiwa na vifaa vya kusikilizia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha Lenire, kifaa kinachounganisha sauti na mitetemo midogo ya umeme kwenye ulimi.

Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, unahitaji uchunguzi wa daktari. Ukiambatana na uziwi wa ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.