Kasongo na Kabambare katika Jimbo la Uchaguzi la Maniema

Sheria ya uchaguzi ya Machi 1960, iliyotungwa na Ubelgiji wiki chache baada ya Mkutano wa Meza ya Duara wa Brussels kuamua kwamba Kongo ipate uhuru tarehe 30 Juni, ilizigeuza wilaya za kikoloni kuwa majimbo ya uchaguzi, yaani maeneo ambayo kila moja lilichagua wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi lenye viti 137. Kwa hiyo teritwari za Kasongo na Kabambare (teritwari ni kitengo cha utawala kilicho chini ya wilaya) zilipiga kura pamoja na Pangi, Kibombo na nyinginezo katika jimbo moja la Maniema, ambalo makao yake yalikuwa Kindu.

Mpaka wa jimbo hilo ulizitii ofisi za Wabelgiji kuliko historia ya wenyeji. Hadi Aprili 1893, jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru la Kongo, lilipoiteka kutoka mikononi mwa Sefu bin Hamed, mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip, Kasongo ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika. Kindu ilikua baadaye, kwa nguvu ya reli ya Kongolo iliyokamilika mwaka 1910, ambayo haikupita mjini Kasongo.

Mei 1960 waliopiga kura ni wanaume tu, tena waliotimiza miaka 21, nao walichagua kwa orodha za vyama. Katika mkoa wa Kivu, uliojumuisha Maniema, chama cha CEREA kiliongoza, na Jean Miruho akawa rais wa mkoa, lakini Maniema ilielemea chama cha MNC cha Patrice Lumumba. Waislamu wengi, waliokuwa wameachwa nyuma kwa kuwa shule zilikuwa mikononi mwa misheni, walikiunga mkono chama hicho. Haishangazi basi kwamba Gaston Soumialot, aliyekuwa kiongozi wa MNC huko Maniema, ndiye aliyesimama mbele ya uasi wa Simba mashariki baada ya Lumumba kuuawa. Kindu ilitekwa Julai 1964, na kusini yote ya Maniema ilikuwa vitani.

Chini ya utawala wa Rais Mobutu mipaka ya majimbo haikuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1970 raia walipewa orodha moja ya MPR, chama pekee kilichoruhusiwa, na mwaka 1975 hata karatasi ya kura iliondolewa: majina yalisomwa hadharani, umati ukapiga makofi, na wabunge wakawa wamepatikana. Maniema yenyewe, iliyokuwa mkoa kwa muda mfupi katika miaka ya 1960 kisha ikarudishwa Kivu, ilipata tena hadhi ya mkoa mwaka 1988.

Jimbo lile la wilaya halikurejeshwa. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006, nje ya Kinshasa, kila teritwari na kila mji mkubwa ulikuwa jimbo la uchaguzi peke yake, hivyo mgombea wa Kabambare, kwa Wabangubangu, hakuhitaji tena kura za Walega wa Pangi wala jina lake kupangwa na wakuu wa orodha walioketi Kindu.