NISBA YA AL-BARAWI: MJI, JINA NA WATU WAKE

Nisba, kwa mujibu wa nahau ya Kiarabu, ni jina lifanywalo kwa kutia yaa yenye shadda mwishoni mwa jina jingine, ili kuonyesha kwamba mtu au kitu kinahusiana na jina lile. Nisba yaweza kutokana na kabila, na kazi, na madhehebu, na tarika, na pia na mahali. Atokaye Misri huitwa al-Misri, na atokaye Hadhramaut huitwa al-Hadhrami, hata nusu ya jina la nchi ikaachwa njiani. Katika jina la Barawa, irabu ya mwisho huondoka, yaa ikaingia mahali pake, na mtu akawa al-Barawi. Kwa sarufi jambo hili ni jepesi. Kwa taarikh si jepesi hivyo, maana lipo swali ambalo sarufi haliulizi: ni nani aliyempa mtu jina hilo, na alipewa akiwa wapi?

Kiswahili nacho kina njia yake ya kumtaja mtu kwa mahali, lakini badala ya kuongeza silabi mwishoni hutanguliza kiambishi: Mpemba, Mngazija, Mshihiri, Mbarawa. Tofauti ya njia hizi mbili si ya umbo tu. Neno Mbarawa humtia mtu katika kundi mara moja, kwa kuwa nyuma yake wanasimama Wabarawa wote. Al-Barawi, kinyume chake, hufuata jina la mtu mmoja na la baba yake, likaandikwa katika ijaza, katika hati ya kadhi, au katika ukurasa wa kwanza wa kitabu. Mbarawa ni neno la soko na bandari, na al-Barawi ni neno la kalamu.

Kawaida ya nisba za mahali ni kwamba hazizaliwi mahali penyewe. Mjini Cairo katika karne ya 14 walikuwapo wanavyuoni wawili wakubwa wa madhehebu ya Hanafi waliojulikana kwa jina la al-Zayla'i: Uthman bin Ali, aliyefariki mwaka 743 wa Hijra (1342), na Abdallah bin Yusuf, aliyefariki mwaka 762 (1361). Jina lao latokana na Zeila, bandari ya Ghuba ya Aden. Huko Zeila, ambako kila mtu ni wa Zeila, jina hilo lisingempambanua mtu na jirani yake, Cairo lilitosha. Mfano mwingine ni Abd al-Rahman al-Jabarti, mwandishi mashuhuri wa taarikh ya Misri, aliyeishi tangu 1753 hata 1825. Yeye alizaliwa Cairo, na baba yake alikuwa mwanachuoni wa Cairo, lakini nisba yake ilielekea nchi ya Jabart karibu na Zeila, ambako babu yao wa saba aliondoka. Basi nisba hiyo haikuwa habari ya kuzaliwa. Ilikuwa kumbukumbu ya safari, nayo ilirithiwa kama mali.

Kwa mifano hiyo twaweza kurejea Barawa. Mji huu uko pwani ya Benadir, kusini ya Mogadishu, nao ni ncha ya kaskazini ya lugha ya Kiswahili. Wareno walipouteka mwaka 1507, haukuwa na mfalme. Mambo yake yaliendeshwa na wazee. Desturi hiyo ya kuongozwa na baraza la jamaa ilidumu kwa muda mrefu, na milango ya mji ikajulikana kwa majina yake: Hatimi, Bida, Masharifu, na Watunni ambao ni Wasomali. Katika karne ya 19 mji uliingia chini ya mamlaka ya Masultani wa Unguja, ijapokuwa mamlaka hayo mara nyingi yalikuwa mepesi. Mwaka 1875 majeshi ya Khedive wa Misri yaliteremka hapo kwa miezi michache, kisha yakaondoka. Mwishoni mwa karne hiyo bandari za Benadir zilikodishwa kwa Waitalia, na mwaka 1905 zikanunuliwa nao kabisa.

Ndani ya mji wenyewe jina la Barawa halikuwa na kazi kubwa. Wenyeji waliuita mji wao Mwini au Miini, na lugha yao Chimwini, ambayo pia huitwa Chimbalazi. Msomaji anayejua Kiamu ataona upesi asili ya neno hili. Mji kwa Kiamu ni mui, na Mwini si kitu ila "mjini". Kwa wenyeji, basi, mji ulikuwa ni Mji, usiohitaji jina jingine, na lugha yao ilikuwa ni lugha ya mjini. Mtu aliyetaka kujua mwenziwe ni nani hakuuliza alitoka wapi, bali aliuliza mlango wake. Hatimi alijibu kuwa ni Hatimi, na sharifu alitaja nasaba yake. Al-Barawi lingekuwa jibu lisilojibu neno.

Kwa hiyo yafaa kuwatazama waliolichukua jina hili na waliokuwa na haki nalo wasilichukue.

Aliye mashuhuri kuliko wote ni Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi. Alizaliwa Barawa mwaka 1847, katika jamaa za Watunni, akasoma kwanza nyumbani. Kisha alisafiri mpaka Baghdad, penye kaburi la Sheikh Abd al-Qadir al-Jilani, akapokea tarika ya Qadiriyya kwa watu wa nyumba ile. Aliporudi alikuwa khalifa mwenye ijaza, na wafuasi wake wakaenea Benadir, Unguja na bara. Mlango wa majumba ya Unguja ulikuwa wazi kwake tangu zama za Sayyid Barghash. Sheikh Zahur bin Muhammad, naye mtu wa Barawa, huhesabiwa kuwa ndiye aliyeisimamisha tarika hiyo Tabora. Sheikh Uways alitunga kasida kwa Kiarabu na pia kwa Kisomali, akitumia herufi za Kiarabu. Mwezi wa Aprili 1909 aliuawa kijijini Biyoley na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, waliokuwa wa tarika ya Salihiyya na wapinzani wake katika mambo ya ziara na tawassul.

Jina lake kamili katika vitabu lina nisba mbili zifuatanazo, al-Barawi na al-Qadiri: mahali alipotoka, na njia aliyoifuata. Nisba ya kabila haikutangulizwa. Yamkini sababu ni hii: mtu wa Baghdad asingejua Watunni ni kina nani, wala mlango wao una cheo gani, lakini jina la bandari ya Barawa liliweza kumwonyesha kwamba mgeni huyu ametoka pwani ya mbali ya Waislamu. Aidha, tarika ilikuwa ikiwapokea watu wa kila asili, mabwana na watumwa, Waarabu na wasio Waarabu. Kiongozi wa jamii ya namna hiyo hakuhitaji kusimama juu ya nasaba. Nisba ya mahali ilimtosha, na labda ilimfaa zaidi.

Wa pili ni Sheikh Qasim bin Muhyi al-Din al-Barawi, aliyefariki mwaka 1922. Huyu alikusanya kasida za Kiarabu za kumsifu Mtume, pamoja na za mashekhe wa Qadiriyya, katika diwani iliyochapishwa Cairo na kusomwa katika majlisi za Benadir na kwingineko. Nyumbani alitunga pia kwa Chimwini, ili wasiojua Kiarabu wapate fungu lao. Twaona hapa mtu mmoja mwenye hadhira mbili. Msomaji wa kitabu cha Cairo alimjua kwa al-Barawi. Waliosikiliza tungo zake za Chimwini hawakuhitaji kuambiwa kwamba mshairi wao ni mtu wa mjini.

Sasa tuwatazame walioliacha. Sheikh Muhyi al-Din al-Qahtani al-Wa'ili alizaliwa Barawa, akahamia Unguja, akawa kadhi wa Kishafi katika utawala wa Sayyid Said, ambaye mwenyewe alikuwa Ibadhi. Alifariki Unguja mwaka 1869. Mwanafunzi wake, Sheikh Abd al-Aziz bin Abd al-Ghani al-Amawi, naye alikuwa mzaliwa wa Barawa. Alipewa ukadhi wa Kilwa akali kijana sana, kisha akawa kadhi Unguja, akatumwa na Masultani katika safari za kiserikali, akajadiliana na Askofu Edward Steere katika mambo ya dini na lugha, hata akaanza kutunga kamusi ya Kiswahili na Kiarabu asiyojaliwa kuimaliza. Alifariki mwaka 1896.

Wote wawili walikuwa na haki ya jina la al-Barawi, na wote wawili walikaa ugenini, mahali panapozaa nisba za namna hiyo. Lakini majina yao yasemwayo zaidi ni al-Qahtani na al-Amawi. La kwanza lataja Qahtan, babu wa Waarabu wa kusini. La pili lataja Bani Umayya. Sababu haiko mbali. Unguja ya wakati huo ilikuwa ni dola iliyotawaliwa na Waarabu wa Oman, ambamo nasaba ilikuwa sehemu ya heshima ya mtu barazani. Kadhi wa Kishafi aliyekaa mbele ya Sultani wa Kiibadhi alitofautiana naye kwa madhehebu; kwa nasaba ya Kiarabu aliweza kusimama naye sawa. Al-Barawi lingemwonyesha kama mtu wa bandari mojawapo ya raia wa Sultani. Al-Qahtani lilimwonyesha kama mtu wa asili kongwe kuliko dola yenyewe.

Yuko wa tatu, ambaye hakuchukua nisba yoyote. Mana Sitti Habib Jamaladdin, ajulikanaye na wote kwa jina la Dada Masiti, alikuwa sharifa wa Barawa. Simulizi za mji husema kwamba alipokuwa kijana alichukuliwa akapelekwa Unguja, akakaa huko miaka akiwa katika dhiki, mpaka jamaa zake wakampata wakamrudisha. Baada ya hapo alijifunga na elimu na ibada, akawa mtunzi mkubwa wa tenzi za dini kwa Chimwini. Alifariki mwaka 1919 akiwa mzee sana, na kaburi lake Barawa likawa mahali pa ziara ya kila mwaka. Kwa sarufi angeweza kuitwa al-Barawiyya. Lakini yeye hakuchukua ijaza Baghdad, wala kitabu chake hakikupigwa chapa Cairo, na tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa wanawake na wanafunzi. Jina lake ni la nyumbani, nalo lilimtosha kwa sababu kazi yake yote ilikuwa ya nyumbani.

Kutokana na haya lapatikana onyo kwa mwenye kutafuta taarikh ya elimu ya Barawa. Akifungua fihirisi na kutazama chini ya jina la al-Barawi peke yake, atampata Sheikh Uways na Sheikh Qasim, lakini atawakosa makadhi wawili wakubwa wa Unguja, na atamkosa mshairi apendwaye kuliko wote mjini. Na atawapata wasiokuwa wa Barawa. Rashid al-Barawi, mtaalamu wa uchumi wa Misri aliyefasiri kitabu cha Karl Marx kwa Kiarabu mwaka 1947, huandika jina lake kwa herufi zile zile; lakini maandishi ya jina peke yake si hoja ya kumhesabu katika watu wa Barawa. Pia kuna al-Barwani, ambalo ni jina la kabila la Oman lililoenea Unguja na Lindi, na mmoja wao ni Ali Muhsin al-Barwani (1919–2006), mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili. Na kuna al-Baruni, jina la Sulayman al-Baruni (1870–1940), kiongozi wa Kiibadhi wa Libya. Majina haya yakiandikwa kwa haraka yaweza kumdanganya msomaji, kwa kuwa hutofautiana kwa nuni moja au kwa mahali pa alifu.

Lakini jambo lenyewe si la fihirisi tu. Vita vilivyoanza Somalia mwaka 1991 viliwafukuza Wabarawa kwa maelfu. Wengi walifika Mombasa wakakaa kambini, na baadaye wakatawanyika mpaka Uingereza na Marekani. Chimwini, ambayo wanazuoni wa lugha walikuwa wameanza kuichunguza kwa makini, mbele yao akiwa Mohammad Imam Abasheikh aliyeizungumza tangu utotoni, ikawa lugha ya watu walio mbali na mji wake. Kamusi yake, aliyoitayarisha pamoja na Charles Kisseberth, ilitoka mwaka 2004, wakati watoto wengi wa Barawa walikuwa wakikua katika lugha nyingine.

Hapo maana ya majina imegeuka. Zamani neno Mwini lilitosha, kwa sababu aliyelitamka alikuwa amesimama ndani ya mji. Mtoto azaliwaye ughaibuni hawezi kusema "mjini" akaeleweka kwamba anasema Barawa. Miji iliyomzunguka ni mingine. Imembidi achukue jina lile ambalo babu zake walilichukua Baghdad na Cairo, jina la mtu atazamwaye kutoka nje. Kwa Sheikh Uways, al-Barawi lilikuwa jina la mtu aliyeondoka na kurudi, naye alirudi akafa katika nchi yake. Kwa al-Jabarti nisba ilidumu vizazi saba bila ya kurudi, na alipoandika taarikh yake, aliandika ya Misri. Kati ya njia hizo mbili, itakayochukuliwa na Wabarawa wa leo itategemea zaidi kama Chimwini itaendelea kusemwa nyumbani kuliko jina litakaloandikwa katika hati zao.