Mahakama ya Nyumbani Kwanza: Njia ya Malalamiko kutoka Mocímboa da Praia

Anayedai kwamba dola imevunja haki zake kwa kawaida hapokelewi na chombo cha kimataifa kabla ya kumaliza nafuu zinazopatikana katika mahakama za nchi yake. Kanuni hiyo imo katika ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuridhiwa na Msumbiji mwaka 1989. Katika Mocímboa da Praia, bandari ya Wamwani, Wamakonde na Wamakua kaskazini mwa Cabo Delgado, ilikuta watu ambao kwa vizazi hawakuwa na mahakama ya kuimaliza.

Kuanzia 1891 hadi 1929 pwani hiyo ilikuwa chini ya Companhia do Niassa, kampuni iliyotoza kodi na kutumikisha watu kwa hati ya Ureno. Baadaye Waafrika walio wengi waliwekwa katika daraja la indígenas, yaani wenyeji, na mashauri yao yakaishia kwa mtawala wa wilaya na machifu wake. Mara nyingi mshtakiwa ndiye aliyekuwa hakimu. Daraja hilo lilifutwa mwaka 1961. Mwaka mmoja kabla, tarehe 16 Juni 1960, umati uliofika kwa watawala wa Mueda, bara ya Mocímboa, na madai yake ulimiminiwa risasi. Waliotaka kusikilizwa walivuka mto Ruvuma, na mwaka 1962 wanaharakati wa Msumbiji walitoa malalamiko yao Dar es Salaam mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa.

Baada ya uhuru zilikuja mahakama za umma za mwaka 1978, kisha mahakama za jamii za mwaka 1992. Katiba ya 2004 inampa raia haki ya kwenda mahakamani na ya kuidai dola fidia. Ngazi huanzia wilayani, hupanda Pemba, kisha mahakama ya rufaa ya Nampula, hadi Mahakama ya Juu iliyoko Maputo, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu mbili. Baraza la Katiba halifikiwi na mtu mmoja: zinahitajika saini za raia 2,000.

Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, haikuifanya kanuni kuwa kufuli. Katika shauri la Jawara dhidi ya Gambia, mwaka 2000, ilisema nafuu lazima iwepo, iwe na tija na itoshe. Kabla ya hapo, mwaka 1995, ilikubali malalamiko dhidi ya Zaire kwa kuwa uvunjaji wa haki ulikuwa mkubwa na umeenea. Kuhusu Darfur, mwaka 2009, ilizingatia pia kwamba watu walikuwa wametawanywa.

Maelezo hayo yanaufaa mji huu kuliko mingi. Waasi wa Cabo Delgado walivishambulia vituo vya polisi tarehe 5 Oktoba 2017, wakaharibu majengo ya serikali Machi 2020, na Agosti mwaka huo wakauteka wote. Wakazi walikimbilia Pemba, Nampula na kwingineko. Kumtaka aliyekimbia na nguo alizovaa akakate rufaa ni kejeli.

Hata hivyo milango ya nje ni michache. Msumbiji iliridhia itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Arusha mwaka 2004, lakini haikutoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuiendea moja kwa moja. Shauri lao hufika huko likipelekwa na Tume. Mahakama ya SADC ya Windhoek, iliyowapokea wakulima wa Zimbabwe katika shauri la Campbell mwaka 2008 kwa sababu katiba yao ilizifungia mahakama za ndani, ilisimamishwa mwaka 2010. Kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliotoweshwa hakidai nafuu za ndani zimalizwe, ila hakitoi hukumu.

Mji ulirudi mikononi mwa majeshi ya Msumbiji na Rwanda tarehe 8 Agosti 2021. Kadiri ofisi zinavyofunguliwa, hoja ya kwamba hakuna mahakama inapungua nguvu, na serikali inayoipinga ndiyo inayopaswa kuonyesha mbele ya Tume kwamba nafuu hiyo inafikika kweli.