Mali ya Nani?

Mwaka 2007 mteja wetu wa Uingereza alituletea barua ambayo ami yangu aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani. Tulikuwa tumezoea kumpelekea vikoi kwa marobota. Sasa alitaka ankara iandikwe "vitambaa vya pamba" basi. Neno kikoi lisionekane popote. Mwaka uliotangulia kampuni moja ya huko kwao ilikuwa imeomba kusajili "kikoy", kwa y mwishoni, liwe alama yake ya biashara, na mteja wetu aliogopa kushtakiwa.

"Kikoi kisiitwe kikoi," ami akasema, "kiitweje?"

Ami alikulia ndani ya duka la nguo, Mtaa wa Biashara, Mombasa. Babake alimfundisha kupima jora kwa mkono na kukisugua kitambaa kwa vidole viwili akisikiliza. Kitambaa kilichojazwa wanga, alikuwa akisema, hujisema chenyewe. Maji ya kwanza tu, kinabaki wavu wa kuvulia dagaa. Na mfano wake wa kitambaa kisichodanganya ulikuwa mmoja siku zote: merikani.

Hapo ndipo hadithi ya majina ya nguo pwani hii inaponikamata. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, alitiliana mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Vifungu tisa. Meli za Wamarekani zilipe asilimia tano ya bidhaa zinazoshushwa, wasiongezewe tozo nyingine. Bunduki na baruti Unguja wasimuuzie mtu ila serikali. Meli ikivunjika, mabaharia wasaidiwe. Balozi mdogo atakayewekwa ndiye awe hakimu wa ugomvi wa Wamarekani wao kwa wao. Balozi wa kwanza Unguja, Richard Waters, alifika 1837 na yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Hakimu na muuzaji katika kanzu moja. Lakini utafute mkataba wote, hutaona neno hata moja juu ya nani mwenye haki ya jina la kitambaa.

Halikuhitajika. Meli za bandari ya Salem, Marekani, zilileta pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Watu wakakiita kitambaa kwa nchi kilikotoka, na bara ndani jora la merikani lilipokewa kama fedha. Manchester ikajaribu kuiga. Wanunuzi wakakisugua, wakakirudisha. Ilikuja vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, ndipo pamba ikakauka na mlango ukafunguka. Baadaye viwanda vya Bombay vikaingia na kushika soko. Na jina? Likabaki pale pale. Jora limefumwa Bombay, limeshushwa na Mhindi, limenunuliwa na Mnyamwezi, na bado ni merikani.

Leso ilifuata njia nyingine. Kila mwanamke wa Mombasa anajua sehemu zake: pindo, mji na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, zamani kwa herufi za Kiarabu. Lakini kuna maandishi mengine ambayo watu huyapita bila kuyasoma. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa 1887, lilichapisha kwenye leso zake "K.H.E. Mali ya Abdulla". Nguo zenyewe zilikuwa zikichapwa ng'ambo, kwa miaka mingi Ulaya, India na Japani, ila mama yangu hakujali ilichapwa wapi. Alitafuta Abdulla. Alama ya biashara ni hiyo, nami sijaona nyingine iliyoelezwa kwa Kiswahili cha wazi namna ile.

Sheria iliyowekwa na mkoloni ilikuwa na jicho lake pengine. Mchoro uliosajiliwa Uingereza ulipata ulinzi Kenya papo hapo. Mtu wa Mombasa aliyechora leso yake mezani kwake, kama alitaka ulinzi huo, ilimbidi apeleke mchoro ng'ambo. Na hataza vilevile: ikishatolewa Uingereza, ndipo iandikishwe huku. Uhuru ulikuja 1963, desturi hiyo ikaendelea. Sheria ya kuanzisha ofisi yetu wenyewe ya usajili huo ilipatikana 1989. Kwa hiyo ami alipoambiwa kwamba jina la kikoi linaamuliwa Uingereza hakushangaa sana. Alikasirika tu.

Pingamizi liliwekwa. Shirika la Traidcraft la Uingereza lilisimama na wauzaji wa Kenya, na hoja ilikuwa ile ile ya ami, imevalishwa suti: jina la kawaida la kitu haliwezi kuwa alama ya mtu mmoja, maana halimtambulishi muuzaji yeyote. Nani ajisajilie "kiatu"? Y ya mwishoni haikubadilisha kitu. Mwaka 2008 waombaji wakaliacha ombi lao. Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi 2016, miaka minane baadaye, kasi ambayo nisingemsifu nayo hata kobe.

Habari ya ushindi niliipeleka mwenyewe dukani. Ami alikuwa akikunja vikoi, vishada vyake vikining'inia juu ya meza. Niliongeza kwamba tungeweza tena kuandika neno lenyewe kwenye ankara. Akanyamaza kidogo, akaangalia rafu ya juu ambako lilibaki jora moja kuukuu, kitambaa cha rangi ya maziwa yaliyochacha, hakiuziki wala hakitupwi.

"Na yule Mmerikani," akauliza, "mbona yeye hakuja kudai jina lake?"