Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi na Mas'ala ya Bendera

Mwaka 1974, wakuu wa michezo wa kisiwa cha Reunion walitoa shauri la kuvikutanisha visiwa jirani vya Bahari ya Hindi katika mashindano ya mbio, kuogelea, kandanda na mengineyo. Na mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo watu wa Komoro walipiga kura juu ya uhuru wao, Ngazija, Nzuani na Mwali wakautaka, Maore ikahiari kubakia chini ya himaya ya Ufaransa. Siku zile hapana aliyeyahusisha mambo haya mawili, lakini kwa rai yangu historia ya michezo hii haifahamiki sawasawa bila ya kuyatazama kwa pamoja.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliridhia shauri hilo mwaka 1976, na michezo ya kwanza ikafanyika Reunion mwaka 1979. Ikaenda kwa mwendo usio na utaratibu, Morisi 1985, Bukini 1990, Shelisheli 1993, Reunion tena 1998, hata ilipofika Morisi mwaka 2003 ndipo ilipothibiti desturi ya kila miaka minne. Ajabu yake ni kuwa Bukini, yenye mamilioni ya watu, husimama safu moja na Shelisheli, ambayo mwaka 2011 haikutimia watu laki moja. Na mwaka huo, nyumbani kwao, Washelisheli hao wachache waliwashinda Wamorisi kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya kandanda.

Maore nayo iliruhusiwa kushiriki, kwa sharti kwamba isipite na bendera ya Ufaransa, kwa kuwa Komoro huihesabu Maore kuwa kisiwa chake. Sharti hilo lilivunjika mwezi wa Agosti 2015 huko Reunion: katika gwaride la ufunguzi wanamichezo wa Maore, kisiwa kilichokwisha kufanywa mkoa wa Ufaransa tangu 2011, walipita nyuma ya bendera hiyo mbele ya Wakomoro, na ujumbe wa Komoro ukajitoa katika mashindano yote. Serikali hujibizana kwa bendera, nayo ni haki yao. Ila aliyelipa ghali ni kijana wa Moroni aliyejizoeza miaka minne asipate kukimbia hata mara moja.

Michezo ya 2019 ilikuwa imekwisha ahidiwa Komoro, kisha ikaondolewa na kupewa Morisi. Ile ya 2023 ikaenda Bukini.