Matangazo ya Jumapili na Daftari la Katekista



Kila Jumapili, ikiisha sala ya baada ya Komunyo, tunaketi ili kusikiliza matangazo. Wapo wanaoyaona kuwa pumziko fupi kabla ya baraka, na wapo (wenyewe wanajijua) wanaoitumia nafasi hiyo kutoka nje taratibu kabla mlango haujasongamana. Juma hili napenda tuyatafakari matangazo hayo pamoja na mtu anayeyasoma, kwa maana katika parokia zetu za vijijini mtu huyo mara nyingi si padre.

Hebu tusikilize kwanza yanayosomwa. Fulani bin fulani wa kigango fulani anakusudia kufunga ndoa na fulani. Hili ni tangazo la pili. Mgonjwa wa jumuiya ya Mtakatifu Ana anaomba mpako mtakatifu. Wiki hii usafi wa kanisa ni zamu ya jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Mafundisho ya kipaimara ni Jumamosi saa nane, na mtoto asiyehudhuria asilaumu mtu. Zaka iliyopatikana Jumapili iliyopita ni kiasi kadha. Mazishi ni kesho, na wanaume wafike na majembe mapema.

Mambo hayo yanaonekana kuwa ya kawaida mno, lakini asili yake ni ya kale. Mtakatifu Yustino Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku ya Jumapili: walisoma maandiko, walisikiliza mawaidha, walisali, walishiriki Ekaristi, kisha walio na uwezo walitoa walichopenda, na mkusanyiko huo ukawekwa mikononi mwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Anataja hata jambo ambalo katekista yeyote wa kijijini analifahamu, yaani kuwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuweza kufika. Tangu hapo, kusali pamoja na kujua hali ya jirani havikutenganishwa.

Matangazo ya ndoa nayo yana tarehe zake. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215 chini ya Papa Inosenti III, uliagiza kwamba ndoa zitangazwe hadharani kanisani ili mwenye kujua kizuizi akiseme. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ukaongeza kwamba zitangazwe mara tatu, katika siku za sikukuu zinazofuatana, na kwamba paroko awe na kitabu cha kuandika majina ya wanandoa na ya mashahidi. Hivyo matangazo matatu tunayoyasikia hadi leo ni agizo lililovuka bahari na karne nyingi, likafika hadi kwenye kigango cha tofali za kuchoma ambako mzee mmoja husimama na kusema kwamba kijana yule ana mke mwingine mjini.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Chukulieni mfano wa parokia yenye vigango kumi na viwili na mapadre wawili. Padre mmoja hubaki makao makuu kwa Misa za hapo. Mwingine hupanda pikipiki na kusali Misa katika vigango viwili kila Jumapili. Kila kigango kitapata Misa mara moja katika majuma sita, yaani mara nane au tisa kwa mwaka, ikiwa mvua haikuvunja daraja na padre hakuugua. Jumapili zinazobaki, kama 43 kati ya 52, anayesimama mbele ya waamini, anayesoma Injili, anayeongoza sala na kusoma matangazo ni katekista. Hayo ndiyo maisha ya kawaida ya Wakatoliki wengi wa vijijini katika nchi zetu. Kwa hiyo anayeandika historia ya Kanisa letu kwa kufuata nyayo za mapadre peke yao anaandika historia ya Jumapili tisa na kuziacha 43.

Nasema hivyo bila kupunguza heshima ya wamisionari. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, na kazi yao miongoni mwa waliokombolewa kutoka utumwani inajulikana. Lakini walipotaka kwenda bara na kufungua Mhonda mwaka 1877, walikwenda pamoja na familia changa zilizolelewa Bagamoyo. Familia hizo ndizo zilizokuwa Kanisa la kwanza la mahali pale, kwani hapakuwa na Mkristo mwingine wa kusali naye.

Mfano wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, unatoka Buganda. Mwezi Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, waliona hali katika utawala wa Kabaka Mutesa imekuwa ya hatari, wakavuka Ziwa na kuja kusini, wakaweka makao yao Bukumbi, karibu na Mwanza. Waliacha nyuma kundi dogo la waliobatizwa na wakatekumeni. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa Buganda, wala kitubio, wala padre wa kumuuliza neno. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha na kuwalinda vijana wa ikulu. Andrea Kagwa aliwafundisha watu nyumbani kwake. Matia Mulumba alifanya vivyo hivyo upande wa Mityana. Mapadre waliporudi mwezi Julai 1885, baada ya Mutesa kufariki, walikuta kundi limeongezeka. Miezi minne baadaye, tarehe 15 Novemba 1885, Yosefu Mukasa aliuawa, na mwaka uliofuata wenzake wengi wakamfuata. Tunawaheshimu kama mashahidi kwa namna walivyokufa, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 22 tarehe 18 Oktoba 1964. Ni mara chache tunakumbuka kwamba kabla ya kufa walikuwa viongozi wa ibada za Jumapili bila padre.

Upande wetu wa Ziwa Tanganyika yupo Adriano Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari wa Kardinali Lavigerie, akasomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi, akiwa daktari na katekista. Alikaa pale hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mapadre walikuja na kuhamishwa, maaskofu walibadilika, Wajerumani waliondoka na Waingereza wakaja, lakini mgonjwa wa Karema alimkuta mtu yule yule. Yeye alipata bahati ya kuandikwa. Wenzake wengi hawakuipata.

Kardinali Lavigerie huyo aliwaagiza wamisionari wake wasiharakishe ubatizo: safari ya mkatekumeni ichukue miaka minne. Agizo hilo linasifiwa sana katika vitabu. Lakini miaka minne ya mafundisho katika kijiji kilicho mbali na misioni, nani aliifundisha? Padre alipita kuuliza maswali na kuwapima watu. Aliyekaa nao chini ya mti juma kwa juma, akirudia maswali na majibu hadi bibi asiyejua kusoma akayashika kwa moyo, alikuwa katekista.

Kisha zikaja nyakati ambazo padre hakuwepo kabisa. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili katika vita vya Maji Maji, na misioni ya Peramiho ikachomwa moto. Haijapita miaka kumi ikaja vita kuu ya 1914 hadi 1918. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuzuiliwa, na kufikia 1920 wakawa wamefukuzwa nchini. Maeneo makubwa ya kusini yalibaki na mapadre wachache mno. Walioweka hai sala ya Jumapili, waliobatiza watoto waliokuwa katika hatari ya kufa na kuzika wafu, walikuwa walimu na makatekista ambao posho yao ilikuwa imekatika pamoja na kuondoka kwa waliowaajiri.

Ingetarajiwa kwamba baada ya ushuhuda huo heshima ya katekista ingepanda. Haikuwa hivyo, na hapa historia inatudai ukweli. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizotimiza masharti yake. Mwaka 1928 Monsinyori Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, alikutana na maaskofu Dar es Salaam, akawaambia kwamba wasipoweza kufanya yote mawili, ni afadhali majengo ya ibada yasubiri lakini shule zikamilike. Shauri hilo lilikuwa na hekima yake, na wengi wetu tusingesoma bila hilo. Lakini liligawanya kazi iliyokuwa moja. Hapo awali mwalimu wa shule ndogo iliyoezekwa kwa nyasi ndiye aliyekuwa katekista. Sasa mwenye cheti akawa mwalimu mwenye mshahara. Asiye na cheti akabaki katekista mwenye posho isiyotosha chumvi na sabuni. Serikali huru ilipozichukua shule mwaka 1970, utengano huo ukakamilika. Kijana mwerevu wa kijijini aliona kwa macho yake nani anavaa viatu na nani havai, akachagua.

Miaka michache baadaye watu wakahamishwa kwenda katika vijiji vya ujamaa, hasa kati ya 1973 na 1976. Kanisa lililojengwa kwa jasho la wazee lilijikuta mara nyingi peke yake porini, na waamini wako mbali. Katika hali kama hiyo kigango kilianza upya chini ya mwembe, na kazi ya kwanza ilikuwa ile ile ya matangazo: kujua nani yuko wapi, nani mgonjwa, nani hajabatizwa. Ndipo mpango wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, uliopewa kipaumbele na maaskofu wa Afrika ya Mashariki katika mikutano yao ya 1973 na 1976, ulipopata udongo tayari.

Kanisa zima nalo lilikuwa limeanza kuitambua hali hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, ulihimiza ibada ya Neno la Mungu siku za Jumapili mahali pasipo na padre, na mwaka 1965 katika hati juu ya umisionari uliwasifu makatekista waziwazi. Mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo kamili wa ibada hizo. Unasisitiza kwamba ibada ya Neno isichanganywe na Misa, hata pale Komunyo inapotolewa kutoka tabernakulo, na kwamba iwatie waamini njaa ya Ekaristi badala ya kuwashibisha na kitu kingine. Ndiyo maana katekista hasemi sala kuu ya Ekaristi wala hatoi baraka kama padre. Anayedhani kwamba hayo ni kumdharau hajaelewa: katekista analinda mahali pa Misa ili isisahauliwe. Mwishowe, tarehe 10 Mei 2021, Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista kwa walei, wake kwa waume. Kazi iliyofanyika hapa kwetu kwa zaidi ya miaka mia na hamsini ikapata ibada yake ya kuwekwa rasmi.

Hata hivyo, fungueni kitabu cha ubatizo katika ofisi yoyote ya parokia. Mtakuta nafasi ya jina la mtoto, ya wazazi, ya wasimamizi, ya mahali, ya tarehe, na ya aliyebatiza. Sheria ya Kanisa ndivyo inavyotaka, na ni sawa. Nafasi ya aliyefundisha haipo. Padre aliyemwaga maji siku moja anajulikana kwa jina na sahihi. Mtu aliyefundisha mwaka baada ya mwaka hana mstari. Mahali pekee jina lake linapopatikana ni katika daftari la matangazo la kigango, lile la mistari lenye jalada lililochakaa, ambamo ameandika kwa mkono wake zaka, wagonjwa na zamu za usafi, na mwishoni mwa ukurasa ametia sahihi. Na madaftari hayo, kwa kuwa hakuna anayeyahesabu kuwa vitabu vya Kanisa, huliwa na mchwa au hutumika kuwashia moto.

Kwa hiyo naomba viongozi wa vigango wasiyatupe. Yaleteni katika ofisi ya parokia, hata yaliyochanika. Yatawekwa katika kabati moja na vitabu vya ubatizo. Katika kila kigango vijana wawili wanaoandika vizuri wawaendee wazee na kuwauliza maswali matatu: nani alikufundisha sala, mlikuwa mnasalia wapi, na nani aliongoza siku ambazo padre hakufika. Waandike majina kama yanavyotajwa, pamoja na ukoo na kijiji alichotoka mtu huyo. Wazee waliofundishwa kabla ya Uhuru wamebaki wachache. Waanze na hao, tena kabla ya masika, maana njia zikishafunga hatutafikana hadi Juni.