Bampa na skati za kiwandani: geuza kabla ya kulipa

Gari nyingi za Garissa zilishuka bandari ya Mombasa zikitoka Japani, na spea huja kwa njia hiyo hiyo. Anayeagiza kutoka mbali ajue cha kutazama.

Kutambua: Geuza kipande. Alama ya PP kwa ndani yaonyesha ni plastiki tu. Nambari ndiyo hutaja asili. Kwa Toyota, bampa ya mbele mara nyingi huanza na 52119, ya nyuma 52159. Faiba ya kuigiza huonyesha nyuzi kwa ndani, na hupasuka ikigongwa.

Kufunga: Jaribisha kabla ya kupaka rangi. Mashimo na klipu vilingane bila kulazimishwa. Kilichobandikwa kwa gundi peke yake hakidumu kwenye barabara ya vumbi na mashimo.

Rangi: Soma kibati cha gari. Penye C/TR pana nambari ya rangi, mfano 040 nyeupe, 202 nyeusi. Osha mafuta, piga msasa, paka praima ya plastiki, kisha rangi na vanishi. Bila praima hiyo, rangi hubambuka. Paka asubuhi, kivulini. Joto la mchana hukausha rangi kabla haijatandaa.